Ndama Aliyekataa Maziwa ya Ijumaa

Sabato njema, ndugu zangu. Na kama maneno haya yamekufikia siku ya kazi, Bwana asifiwe siku hiyo pia, maana wema wake hauna likizo.

Nianze na jambo lenyewe. Kwa karibu mwaka mzima binti yangu Akoth aliugua siku moja tu katika wiki, na siku hiyo ilikuwa Sabato. Jumapili alicheza. Katikati ya wiki alikimbizana na mbuzi. Ijumaa alikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na akaomba kuongezwa. Sabato asubuhi, tukiwa tunavaa nguo za kanisa, mate yalianza kumtoka kama mtoto anayeota meno, tumbo likamsokota, akatapika, macho yakawa mazito. Tulipofika kanisani alikuwa amelegea begani kwangu kama nguo iliyolowa. Jua likikaribia kutua, tukijiandaa kuifunga Sabato, Akoth huyohuyo alikuwa anauliza kama kuna kiporo.

Nawauliza, ndugu zangu, mama gani akiona hivyo asiogope? Na jirani gani akiona hivyo asiseme ni pepo?

Sasa nirudi nyuma kidogo mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Kuria, upande wa Migori unaopakana na Tanzania. Niliolewa huku Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, na Mjaluo aitwaye Ouma, mtu mpole anayezungumza na ng'ombe kuliko anavyozungumza na watu. Hapa kijijini jina langu ni Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na nimelizoea mpaka nikiitwa kwa jina la ubatizo nachelewa kuitika. Shamba letu ni dogo. Tuna ng'ombe wachache wa maziwa, mbuzi, kuku wa kienyeji, na kipande cha nyasi za nepia kando ya kijito. Kijana wetu mkubwa yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani mtoto ni Akoth peke yake. Mama mkwe wangu anaishi katika boma hilohilo, nyumba yake ikitazamana na yangu. Akoth humwita Dani, ndiyo bibi kwa Kijaluo, nasi wote tumelifuata jina hilo, hata mzee wa kanisa. Kijaluo changu ni cha sokoni na Kikuria yeye hakijui, basi tunakutana katika Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Anayeshika Sabato anaijua Ijumaa. Ni Siku ya Maandalio. Kabla jua halijatua maji yawe yametekwa, kuni ziwe ndani, chakula kiwe kimepikwa, viatu viwe vinang'aa mstarini. Dani ana sheria moja ya ziada, aliyoikuta kwa mama mkwe wake: hata ng'ombe wa boma hili sharti aingie Sabato akiwa safi.

“Amri imemtaja mnyama wako,” husema. “Imemtaja hata kabla ya mgeni wako. Sasa wewe utamfungulia Mungu Sabato na ng'ombe mwenye kupe?”

Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri Ouma alibeba pampu mgongoni, akawanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akawakamua, nami nikachemsha maziwa haraka kabla ya jua kutua. Siku nyingine maziwa ya jioni huchukuliwa na mwenye hoteli pale senta. Ijumaa jioni hatuuzi. Maziwa yale yalikaa kwenye chupa ya chai, na asubuhi ya Sabato, kwa kuwa hatuwashi moto, ndiyo yalikuwa kifungua kinywa chetu. Sisi wakubwa tulitia kidogo kwenye chai iliyopikwa Ijumaa. Akoth, kama mtoto mdogo, alipewa kikombe chake kizima, na mabaki ya kikombe yalikuwa ya paka.

Paka wetu anaitwa Chifu, kwa sababu hapendi kukaa chini kama kuna kiti. Nitarudi kwake.

Tulihangaika, ndugu zangu. Jumapili tulimpeleka Akoth hospitali, na kila mara daktari aliona mtoto mzima anayevuta kifaa chake cha kusikilizia moyo. Akapimwa malaria, akapimwa minyoo, hakuna kitu. Daktari akasema tumlete akiwa hali mbaya. Sabato moja tukamlaza nyuma ya boda, mimi nimemshika, tukakimbia naye. Muuguzi alimtundikia maji. Akaniuliza kama mtoto amemeza dawa yoyote nyumbani. Nikamwambia hapana, na nilisema kweli kama nilivyoijua. Chupa ya dawa ya kupe Ouma huifungia kwenye sanduku lenye kufuli, juu ya kabati, na ufunguo huuvaa shingoni kama medali. Hakuna mtu mwangalifu kama yeye.

Kanisa liliomba. Siwezi kusimulia haya nikaruka hapo. Akina mama walifunga kula kwa ajili ya mtoto wangu. Wazee walikuja nyumbani wakamwekea mikono. Lakini wapo pia waliohamisha watoto wao kutoka benchi letu, polepole, kama mtu anayetafuta tu mahali penye hewa. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, “Mbona Ijumaa anacheza? Hilo ni jachien linaloogopa kanisa.” Jachien ndiyo pepo mchafu. Nilijifanya natafuta wimbo kitabuni.

Dani hakunong'ona. Dani husema kitu mbele ya mwenyewe.

“Nyar Kuria, huyu mtoto tumtoe hapa. Aende Mfangano kwa shangazi yake. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote. Jachien atapoteza njia.”

“Mpaka lini, Mama?”

“Mpaka asahaulike.”

Alisema hivyo kwa upendo, naomba mnielewe. Alikuwa anamwokoa mjukuu wake kwa njia aliyoijua. Alichukua mfuko wa kiondo, akatia magauni ya Akoth, sweta, na kile kitabu kidogo cha nyimbo za watoto, akautundika kwenye msumari kando ya mlango wake. Kila nilipofungua mlango wangu asubuhi, kitu cha kwanza kuona ng'ambo ya ua kilikuwa mfuko ule. Nilimtazama Ouma aseme neno. Akasema, “Labda ni kwa muda tu,” akaenda kukata nepia. Wifi yangu Atieno, dada yake Ouma, ambaye ameolewa Mfangano na huuza omena, alipigiwa simu. Angekuja kumchukua mtoto baada ya makambi ya kanisa, Sabato moja zaidi ikipita.

Makambi ya mwaka huo yalikuwa upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Tulilala kwenye hema wiki nzima, tukaimba, tukala pamoja. Na Sabato ya makambi ilipofika, Akoth hakuugua. Aliimba na watoto wenzake jukwaani, akapunga mkono kila alipotuona, mpaka mwalimu wao akamshika ule mkono na kuushusha.

Nililia kwa furaha. Dani pia alifuta macho, kisha akanigeukia.

“Umeona? Jachien limebaki nyumbani. Mtoto akirudi litampokea mlangoni.”

Kwa hiyo kile nilichodhani ni jibu kikawa sababu nyingine ya kumtoa mtoto wangu mikononi mwangu. Usiku sikulaumu mtu, niliomba maombi mafupi sana: Bwana, nionyeshe. Sikuongeza neno. Na asubuhi yake, tukiwa tunakunja hema, ndipo nilipoanza kujiuliza swali tofauti na la Dani. Yeye aliuliza ni nani tumemwacha nyumbani. Mimi nikauliza ni nini. Tumeacha kitanda, neti, maji ya kisima, moshi wa jikoni, ng'ombe. Nikakusudia kurudi na macho wazi.

Ijumaa ikafika. Nilimaliza kazi za jikoni mapema, nikaenda zizini, mahali ambapo Ijumaa sikuwahi kupata nafasi ya kwenda. Ouma alikuwa amemaliza kunyunyiza. Rateng', ng'ombe wetu mweusi, alisimama akiwa amelowa dawa. Kwetu Kuria na hapa Ndhiwa desturi ni moja: ndama hunyonya kwanza ili mama yake ashushe maziwa, kisha huvutwa pembeni na mtu hukamua. Ouma akamfungua ndama. Akaja mbio, mkia juu, akatia kichwa chini ya kiwele. Kisha akakitoa. Akapiga chafya, akarudi nyuma, akamwangalia mama yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

“Kwa nini hataki?” nikauliza.

“Ameshiba huyu.”

“Ameshiba nini, na amefungwa tangu mchana?”

“Basi amenuna. Ijumaa huwa na madeko.”

“Kila Ijumaa?”

Ouma akafikiri. “Kila Ijumaa,” akasema, akainama, akachukua kitambaa kilichoning'inia kwenye nguzo, akaanza kukikandakanda kwenye kiwele ili maziwa yashuke. Matone yalichuruzika kwenye chuchu, mengine yakaangukia ndooni. Niliona haya yote kwa macho yangu, ndugu zangu, na bado sikuunganisha. Nilikwenda kuchemsha maziwa kama kawaida, kwa sababu jua lilikuwa linatukimbia.

Asubuhi ya Sabato Akoth akanywa kikombe chake, akaacha kidogo, nikamwagia Chifu kwenye kibakuli. Nilikuwa namfunga mtoto vifungo mgongoni alipoanza kutokwa na mate. Nikamlaza kwenye mkeka. Nilipogeuka kuchukua kitambaa cha kumfuta, nikamwona Chifu chini ya benchi. Mate yalimtoka yeye pia. Kichwa kilimtikisika, miguu ya nyuma ikamkataa.

Hapo nikakumbuka utani wa Dani. Tangu mwaka ule uanze alikuwa akisema, “Paka huyu ni Msabato kutushinda sisi. Panya wakipita Sabato hata masikio hainui.” Tulicheka kila wiki. Kila wiki paka alikuwa amelala chini ya benchi mgonjwa, na sisi tukicheka.

Je, pepo anayeogopa kanisa ana shida gani na paka? Na ndama, naye amemkosea nani? Nilimwita Ouma amshike mtoto, nikaenda zizini nikiwa na gauni langu jeupe la kanisa. Nikakichukua kile kitambaa kwenye nguzo, nikakinusa. Kilinuka dawa ya kupe, kali, mpaka machozi yakanitoka. Nilirudi nikamuuliza Ouma anakitumia kufanyia nini. Akanieleza bila kuficha, kwa kuwa hakuwa na la kuficha. Kupe hujificha masikioni, chini ya mkia, na kwenye kiwele. Pampu haifiki vizuri. Basi kwa karibu mwaka sasa, Ijumaa huchanganya dawa nzito kidogo kwenye kopo, huchovya kitambaa, na kupangusa sehemu hizo. Siku nyingine zote kitambaa ni cha maji ya moto tu, cha kusafishia kiwele kabla ya kukamua.

“Na Ijumaa, baada ya dawa, unakifua?”

“Ijumaa hakuna nafasi,” akasema taratibu. “Jua linatua.”

Tuliketi kwenye mkeka mtoto akiwa katikati yetu, tukamnywesha maji, tukamfuta, hatukwenda kanisani mpaka alipotulia. Sijawahi kuomba Sabato kama nilivyoomba ile, nikiwa nimefumba jicho moja na lingine likimwangalia Akoth.

Jumapili Atieno akafika. Alikuwa amepanda boti ya mapema kwenda Mbita, halafu magari mawili, na alikuwa amechoka na ameleta samaki mbuta mkubwa amefungwa kwenye gazeti. Tukakaa barazani kwa Dani, mfuko ukiwa msumarini juu ya vichwa vyetu. Nilieleza nilichoona, kuanzia makambi mpaka kitambaa. Atieno alisikiliza huku akijipepea na leso.

“Mimi nimekuja kuchukua mtoto,” akasema. “Sasa naambiwa habari za ndama na paka. Hii ni kesi ama ni hadithi ya sungura?”

Dani hakucheka. “Nyar Kuria, unataka kuniambia maombi ya kanisa zima yameshindwa na kitambaa?”

“Hapana, Mama. Nasema labda yamejibiwa, na jibu limenipita puani.”

Ndipo Ouma, ambaye husema maneno machache kwa wiki, akatoka, akarudi na kitambaa, akakiweka miguuni pa mama yake. “Mama, nusa.”

Dani akakiinua, akakinusa, uso ukajikunja. “Ni dawa. Nimeinusa miaka yote.”

“Ndiyo. Lakini wewe unainusa. Akoth anainywa.”

Sikujua mume wangu ana sauti hiyo. Niliomba jambo moja tu: Sabato moja. Sabato moja bila dawa siku ya Ijumaa, kitambaa kipya, kiwele kioshwe, halafu tuone. Dani akauliza, “Na akiugua?” Nikasema, “Akiugua nitambeba mwenyewe mpaka kwenye boti.”

Dani akamtazama binti yake. Atieno akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti. “Basi nimefika. Nitalala hapa mpaka Sabato. Mume wangu ana mikono, ataanika omena mwenyewe. Na huyo mbuta mtampika leo ama mnangoja afufuke?”

Ijumaa ilikuja na tatizo ambalo sikulitarajia. Dani alikubali dawa isitumike, lakini hakukubali ng'ombe aingie Sabato na kupe. Alisimama zizini, fimbo mkononi, hataki kusikia. Basi tukafanya kama nilivyomwona mama yangu Kuria akifanya nilipokuwa mtoto: tukawatoa kupe kwa mkono. Mimi upande wa masikio, Atieno chini ya mkia akilalamika kwamba hakuolewa Mfangano ili aje kushika mkia wa ng'ombe Ndhiwa, na Dani mwenyewe, kwa heshima yote, akapiga goti kwenye kiwele. Kupe tuliwatupa kwenye kopo la makaa. Tulipowadondosha wachache chini, kuku walikuja mbio wakawadonoa. Kisha mmoja, jike mwekundu, akaacha kungoja. Alimsogelea Rateng' akaanza kuwadonoa kupe miguuni mwake moja kwa moja, na Rateng' akasimama tuli kama mtu anayesukwa nywele.

Dani akainuka, akajinyoosha mgongo. “Sasa ameingia akiwa safi,” akasema.

Ouma akamfungua ndama. Akaja mbio, akatia kichwa chini ya kiwele, na hakukitoa. Alinyonya mpaka povu likamjaa mdomoni, Ouma akamvuta kwa nguvu ili na sisi tupate. Mimi niligeukia ukuta wa zizi nikalia.

Asubuhi ya Sabato Akoth alinyweshwa maziwa yake watu wazima wanne wakimtazama mdomo. Alimaliza, akajifuta, akauliza, “Mbona mnaniangalia?” Chifu akalamba mabaki, akajilamba na masharubu, akapanda kwenye kiti cha Ouma. Tukangoja. Tukamvalisha gauni polepole, tukangoja. Tukatembea hadi kanisani, Akoth akienda mbele yetu kwa miguu yake mwenyewe, akiruka madimbwi.

Kanisani kila shingo iligeuka. Akoth akakaa kwa Dani, si kwangu. Shule ya Sabato ikapita. Nyimbo zikapita. Mzee wa kanisa akasimama kuhubiri, na hubiri likaendelea kama mahubiri yanavyoendelea. Katikati, kichwa cha Akoth kikainama. Kikaegemea kifuani kwa Dani. Mikono ikalegea.

Dani akamshika kwa nguvu. Nyuma yetu mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini, na mwingine akamfuata. Nilihisi boti ya Mbita ikiwa chini ya miguu yangu. Nilimfikia mtoto, nikamshika paji la uso. Halikuwa na jasho. Nikamshika mdomo. Ulikuwa mkavu. Kisha, ndugu zangu, Akoth akakoroma.

Akakoroma kama mzee. Atieno akajifunika leso usoni, mabega yakimtikisika. Benchi letu lote likaanza kutetemeka kwa kicheko kilichozuiwa, na mzee wa kanisa akanyamaza, akatazama, akaelewa. “Mwacheni alale,” akasema. “Hata mimi hubiri hili lilinipa usingizi nilipokuwa naliandaa.”

Siku hiyo Mungu alinirudishia mtoto. Jioni Akoth alikimbia uani mpaka akaangusha ndoo, na hakuna aliyemgombeza. Ouma akaniambia, kama mtu anayekiri siri, “Na mimi leo kichwa hakiniumi.” Kumbe kila Sabato alikuwa na kichwa kizito. Dani naye. Mimi pia. Wote tulikuwa tukibeba vichwa hivyo kimya, kila mmoja akidhani ni urefu wa ibada, na kwa adabu hakuna aliyesema.

Atieno aliondoka Jumapili mikono mitupu, amebeba mayai tu. Alipofika kwenye lango akasema, “Mama Akoth, ukiona paka amelala tena, nipigie simu kabla sijapanda boti.”

Baadaye alikuja daktari wa mifugo wa eneo letu, mama kijana mwenye buti za mpira. Alikisikiliza kisa, akakitazama kitambaa, akashika kichwa. Akatuambia dawa ile ina muda wake wa kungojwa kabla maziwa hayajanywewa, na kiwele hakipanguswi kwayo kisha kukamuliwa. Nataka niwe mkweli kwenu kama alivyokuwa mkweli kwetu. Alisema maziwa yale hayakupimwa na mtu yeyote, kwa hiyo hawezi kuapa. Sabato zimepita nyingi tangu hapo, na Akoth hajaugua hata moja. Mimi naapa kwa hizo.

Tangu siku ile tumefungua kila mlango wa nyumba hii. Tumetoa makopo ya zamani ya dawa ambayo tulikuwa tunawekea chumvi ya ng'ombe. Sukuma wiki tunainyunyizia maji ya majivu na majani ya mwarobaini, na kama wadudu wanataka jani moja moja, tunawaachia. Nyasi tunakata na kuwaletea ng'ombe bomani wasiende kuokota kupe wa njiani. Ndama tumewachanja dhidi ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, daktari alisisitiza, na kupe tunawatoa kwa mkono kila Ijumaa. Kazi hiyo imekuwa sehemu ya maandalio yetu. Majirani wawili huja kusaidia, tunaimba, kuku wanakula, na maziwa ya Ijumaa sasa ndiyo matamu kuliko yote. Sikwambii, ndugu yangu, utupe kila dawa leo. Ng'ombe hufa kwa kupe. Nakwambia uliza, osha mikono, na mwangalie ndama wako.

Na kwa wewe unayehangaika na jambo lisiloeleweka, ambaye watu wamehamisha watoto wao kutoka benchi lako: usiache kuomba, na ukiomba usifumbe macho yote. Mimi sikupewa ndoto wala sauti. Nilipewa paka mgonjwa, ndama aliyepiga chafya, na pua. Bwana hutumia kilichopo nyumbani. Mtegemee. Akikuonyesha kitu kidogo kisicho na heshima, kama kitambaa kichafu, usikipite kwa sababu ulikuwa unangoja malaika. Namshukuru Yeye, nawashukuru walioomba, na waliohama benchi wameshaturudia. Tulisogea tukawapisha.

Limebaki jambo moja ambalo silijui mwisho wake. Dani hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Anasema maombi yalishinda, na kwamba jachien anaweza kukaa hata kwenye kitambaa, nami sibishani naye, maana mtoto ni mzima kwa hesabu zote mbili. Lakini mfuko hajautoa msumarini. Asubuhi nikifungua mlango bado nauona ng'ambo ya ua, umefungwa vilevile. Wiki iliyopita Akoth aliushusha akachungulia ndani, akavuta gauni moja akajipima. Lilimfika juu ya magoti, na mikono haikuingia. Dani alilitazama muda, akalikunja vizuri, akalirudisha mfukoni, akautundika tena.